Kidatu, Mwendo na Nyatiti: Nani Ameigusa Kanda?

Mwanafunzi wa fonolojia hufunzwa mapema kwamba kidatu ni kitu kimoja na kasi ya usemi ni kitu kingine. Msemaji aweza kupaza kidatu bila kuyaharakisha maneno. Katika santuri na kanda, hata hivyo, mambo hayo mawili yalikuwa pacha wasiotengana. Wimbo wa dakika 4 uliopandishwa nusutoni 4 kwa kuharakisha kanda ungekwisha kwa dakika 3 na sekunde 10 hivi, na mzee aliyeuimba angesikika kama mtoto.

Programu za kompyuta zimewatenganisha pacha hao. Mojawapo ya mbinu zake huikata sauti katika vipande vya sehemu ndogo ya sekunde, ikavitandaza na kuvipandanisha kingo hadi wimbo ukawa mrefu zaidi bila kubadili kidatu. Kisha wimbo huo mrefu huchezwa haraka mpaka muda wake wa awali urudi. Kidatu kimepanda, mwendo umebaki. Msingi wa mbinu nyingine, ya kuichambua sauti kwa masafa yake, uliwekwa na Flanagan na Golden nchini Marekani mwaka 1966. Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata na simu ya mkononi.

Manufaa yake hayahitaji kutetewa sana. Mwalimu wa Usenge, katika Yimbo, anayewaandaa wanafunzi kwa tamasha la muziki aweza kuwa na kanda ya mzee mwenye sauti nzito ambayo koo za watoto haziifikii. Akiipandisha nusutoni 4, watoto wataimba bila kujikamua, na miguu ya wachezaji haitalazimika kukimbia. Wapo watakaolalamika kwamba huko ni kuharibu mila. Hoja hiyo haina mashiko. Mpigaji nyatiti huzikaza nyuzi zake 8 kulingana na koo lake mwenyewe, wala hafuati kidatu kilichowekwa na mtu wa mbali. Mwalimu anafanya lile ambalo mpigaji mwenyewe angelifanya kama angeimba na watoto.

Hata toni za Dholuo hazipotei. Katika lugha hiyo toni hubeba maana, kiasi cha kubainisha tendo lililokamilika na lisilokamilika. Lakini toni ni uhusiano wa juu na chini. Sauti zote zikipanda kwa uwiano mmoja, uhusiano huo hubaki. Lililo hatari ni jambo jingine linalochanganywa mno na hili, yaani programu za kunyoosha sauti zilizoenea baada ya mwaka 1997, ambazo huisukuma kila noti kwenye ngazi ya piano. Huko toni hupindwa kwelikweli.

Hasara ya kuhamisha kidatu iko kwingine. Mpigaji nyatiti huvaa oduong'o, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye ala yenyewe, huku njuga za gara zikilia mguuni. Mgongo huo mkali ndio uti wa mdundo, nao ukipita katika kukatwa na kupandanishwa huweza kufifia au kusikika mara mbili. Irabu nazo hutambuliwa kwa mwangwi wa koo na kinywa, na programu isiyouhifadhi mwangwi huo huuhamisha pamoja na kidatu. Dholuo ina irabu 9, Kiswahili 5. Mtafiti atakayezipima irabu hizo kwenye nakala iliyoguswa bila kuambiwa ataandika tasnifu nzima juu ya koo ambalo halijapata kuwako.

Kubwa zaidi ni kanda za utafiti wa fasihi simulizi. Nyingi zilirekodiwa nyanjani kwa vinasa sauti vya betri. Betri zilipochoka, kanda ilizunguka polepole. Ikichezwa leo kwa kasi ya kawaida, wimbo hukimbia na sauti hupanda. Dawa yake ni kuipunguza kasi ya kanda yenyewe, ili yote mawili yarudi pamoja. Anayeshusha kidatu peke yake husikia sauti ya kiume iliyotulia, akadhani ametengeneza, kumbe mwendo umebaki wa uongo. Atakayenukuu mizani na vituo kutoka hapo atamsifu mzee kwa wepesi ambao hakuwa nao.

Jambo hili si dogo kwa idara za Kiswahili zinazohamishia kanda zake kwenye kompyuta, wala kwa wanaozipokea rekodi za Hugh Tracey, aliyerekodi Kenya mwaka 1950 na ambaye maktaba yake iko Afrika Kusini. Nakala ya kwanza isiguswe kabisa. Ya kufundishia ipandishwe au ishushwe apendavyo mwalimu, mradi jina la faili liseme: imepandishwa nusutoni 4, mwendo haukubadilishwa, kazi imefanywa na fulani, tarehe fulani. Mstari huo mmoja hauchukui hata dakika kuuandika.