Si kila mgongo unaouma una diski mbovu

Na Amosi Chibago

Ukipita Mkonze wakati wa palizi, utawakuta kinamama wameinama kwenye mtama tangu alfajiri. Ng'ambo ya barabara vibarua wanashusha saruji ya nyumba zinazoota kila upande tangu Serikali ihamie Dodoma. Mfuko ni kilo 50, na unapanda begani. Ikifika jioni, kila mmoja ameshika kiuno.

Wana wenzao wengi. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa mgongo wa chini, na hakuna maradhi yanayowalemaza watu wengi kuliko hayo. Katika kila wagonjwa kumi, kama tisa hawana chanzo kimoja ambacho daktari anaweza kukinyooshea kidole.

Kijiweni, hata hivyo, kila mgongo ni diski. Mtu anauza mbuzi apate kipimo cha MRI, anaambiwa pingili zimesagika na diski imevimba, kisha anaacha jembe na kujihesabu kilema.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasioumwa mgongo kabisa. Zaidi ya nusu walikutwa na diski iliyovimba. Mwaka 2015 uchambuzi wa tafiti 33 ulionyesha hali hiyo kwa asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 na asilimia 84 ya wazee wa miaka 80, wote wakiwa hawana maumivu. Diski huchakaa kwa umri kama nywele zinavyoota mvi. Picha bila dalili haitoshi kumhukumu mtu.

Diski inayobana neva ipo, nayo hujitambulisha: maumivu hushuka takoni hadi chini ya goti, mguu ukafa ganzi. Hata wenye diski hiyo, wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache bila kisu. Kulala kitandani siku nyingi huchelewesha kupona. Kutembea na kazi nyepesi husaidia.

Waajiri nao wana deni. Tangu 1967 Shirika la Kazi Duniani linashauri mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Anayepakia lumbesa mgongoni mwa mchukuzi anajua amepita wapi.

Msomaji, usikimbilie picha kwa kila maumivu. Ila mkojo ukikataa au ukijitoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu yakija na homa na kukonda, omba upimwe kifua kikuu, maana nacho hula pingili za mgongo.