Tusivunje Goti la Mtoto kwa Ajili ya Kikombe

Kila mwaka, mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanapokaribia, jina la Ndugu John Stephen Akhwari husikika tena katika viwanja vya shule zetu. Walimu wa michezo huwasimulia watoto jinsi mwanariadha huyo wa Mbulu alivyoanguka katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, na bado akaendelea mpaka akamaliza, wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni historia inayostahili kusimuliwa. Lakini ipo hatari katika namna tunavyoisimulia, na hatari hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana nilihudhuria mashindano ya kata katika wilaya moja ya Mkoa wa Dodoma. Mvulana wa darasa la sita aliteguka kifundo cha mguu kabla ya mapumziko. Mwalimu wake, mtu mwema na mwenye bidii, alikikanda kwa maji ya moto, akakifunga kitambaa, kisha akamwambia mtoto: "Mbona Akhwari alimaliza?" Kipindi cha pili mtoto akarudishwa uwanjani, na timu ikashinda. Wiki kadhaa baadaye nilipopita tena shuleni hapo, kikombe kilikuwa juu ya kabati la mwalimu mkuu, na mtoto alikuwa akichechemea kwenda darasani kwa msaada wa fimbo.

Simwandiki mwalimu huyo kwa nia ya kumlaumu peke yake. Alifanya yale ambayo wengi wetu tungeyafanya, na ambayo wengi wetu tulifanyiwa. Lakini hebu tuulize: je, Akhwari alikuwa nani siku ile? Alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mwenye mifupa iliyokomaa, aliyejiamulia mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyemsukuma. Tena tunasahau sehemu ya pili ya historia yake: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia tena marathoni na kushika nafasi ya tano. Hilo halikuwezekana kwa ushujaa pekee. Ilibidi kwanza goti lipone.

Mtoto wa miaka 12 au 13 si mtu mzima mfupi. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu ipo sehemu ya gegedu laini ambako mfupa hurefuka, na sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, mara nyingi hata kuliko kano zinazoushikilia. Kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingeleta mteguko tu, kwa mtoto laweza kuumiza mahali pale pa kukulia. Na pakiharibika, mguu waweza kukua umepinda au ukawa mfupi kuliko mwenzake. Hali kadhalika, vijana wengi katika miaka ya kurefuka haraka hupata maumivu na uvimbe chini kidogo ya goti, hasa wanaokimbia na kuruka sana. Mtoto huyo si mvivu wala hajifanyi. Apunguziwe mazoezi, na kwa kawaida maumivu hayo hupungua na hatimaye huisha kadiri anavyokomaa.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini hawakusema avunjwe.

Sisi wa nyanda hizi za kati tunayo sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Mvua ya mwaka mzima mjini Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mashindano hufanyika katikati ya mwaka, wakati ardhi imekauka na kuwa ngumu kama sakafu, imejaa kokoto na mbigiri, na watoto wengi hucheza peku. Mtoto yule yule mwenye kipaji huwekwa katika kandanda, mbio za mita 100, kupokezana vijiti na kuruka chini, zote katika wiki moja, na pengine hajala chochote tangu asubuhi. Mwili usiopata chakula wala usingizi hauwezi kujijenga upya. Wasichana wetu wa netiboli, ambao wengine tayari wana upungufu wa damu, huumia zaidi kwa hali hiyo, na mara nyingi hunyamaza.

Yapo yanayowezekana bila kungoja fedha kutoka popote. Kwanza, kupasha mwili moto kwa utaratibu kwa dakika 20 kabla ya mchezo: kukimbia polepole, kuruka, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha mapaja na tumbo. Huko Norway, utafiti uliotolewa mwaka 2008, uliohusisha wasichana zaidi ya 1,800 wa kandanda wenye miaka 13 hadi 17, ulionyesha kuwa mazoezi ya namna hiyo yalipunguza majeruhi kwa karibu theluthi moja. Mazoezi hayo hayahitaji chombo chochote zaidi ya mwalimu na uwanja.

Pili, mtoto akiteguka, atolewe. Mguu uinuliwe, ufungwe bandeji bila kubanwa mno, uwekewe kitambaa kilicholowekwa katika maji ya baridi ya mtungini. Kuuchua kwa nguvu au kuukanda kwa maji ya moto siku hizo za kwanza huongeza uvimbe. Asiyeweza kukanyaga hatua nne, au anayelia mfupa unapoguswa, apelekwe hospitali akapigwe picha kabla ya kupelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa. Na kurudi kwake kuwe kwa ngazi: atembee bila maumivu, kisha akimbie polepole, kisha akate kona, kisha afanye mazoezi na wenzake, na mwisho kabisa acheze.

Tatu, aliyegongwa kichwa akazubaa, akatapika au akasahau matokeo ya mchezo, asirudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa kuwa ni mzima. Desemba 2016, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alianguka wakati wa mechi katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki dunia. Msiba ule ulitukumbusha kwamba uwanjani hapatoshi mwamuzi na mpira; lazima awepo mtu anayejua la kufanya. Mganga wa zahanati ya kijiji akiarifiwa mapema anaweza kuwapo.

Wapo watakaosema kuwa tunataka kulea watoto legelege. Jibu nitaliacha kwa wanariadha wa nyanda hizi hizi. Ndugu Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 akiwa na miaka 32. Ndugu Alphonce Simbu wa Singida alikuwa na miaka 33 alipoliletea taifa letu medali ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, mjini Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sehemu 3 za mia moja za sekunde baada ya kilomita 42. Mtoto wa darasa la sita ana miaka 20 mbele yake kabla ya kufikia umri huo. Ni hesabu gani basi inayotufanya tuutumie mguu wake wote katika mchezo mmoja wa kata?

Kwa hiyo basi, wajibu huu si wa mwalimu wa michezo pekee. Mwalimu mkuu anayempima mwenzake kwa idadi ya vikombe ndiye anayemrudisha mtoto uwanjani. Ofisa anayepitisha fedha za jezi na kusahau bandeji naye anahusika. Mwalimu na apewe mamlaka ya kusema, "Huyu hachezi leo," bila kuogopa kuulizwa kwa nini timu imefungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa goti la mtoto, ukishaanguka, si kila mara unaweza kujengwa tena.