Likizo kubwa: udongo, gundi ya muhogo na vidole vya mtoto



Likizo kubwa imefika. Kiangazi kimekaza, vumbi liko kila mahali, na watoto wako nyumbani tangu asubuhi mpaka jioni. Wiki hii nataka kuongea juu ya wale wadogo wa miaka minne mpaka sita, hasa wale watakaoingia mwaka wa kwanza mwezi wa tisa.

Tangu masomo ya msingi yafanywe bure katika shule za serikali mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa. Hilo ni jambo jema. Lakini maternele wazazi wengi bado wanailipia, na si kila nyumba ina pesa hiyo. Kwa hiyo mtoto anatoka uani moja kwa moja na kuketi mbele ya kaye. Mwaka jana nilimpokea kijana mmoja aliyeshika kalamu kama mtu anayeshika mchi wa kutwanga sombe. Siku ya kwanza alivunja chaki tatu. Mama yake, anayeuza ndagala, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtoto wangu ni mjinga?" Hapana, mama. Vidole vyake vilikuwa bado havijapata nguvu. Nilimwomba ampe udongo kila jioni, auchezee. Kabla ya Noeli alikuwa anaandika jina lake, herufi zimepinda kidogo, lakini zinasomeka.

Basi tuanze na huo udongo. Usimtume mtoto peke yake mtoni kuuchukua. Nenda naye, au uombe kidogo kwa wale wanaofyatua matofali. Viringisha kipande kiwe kama kidole, kisha ukikunje. Kikipasuka, kina mchanga mwingi. Kikikunjika vizuri, ndicho unachotaka. Ondoa vijiwe, tia maji kidogo kidogo, ukande kama unavyokanda unga wa mandazi. Halafu mwachie mtoto. Atatengeneza nyoka, mipira, chungu, mtumbwi na samaki zake. Usimsahihishe. Ukimuuliza "hiki ni nini?" atakueleza hadithi nzima, na hapo ulimi wake pia unafanya kazi. Vitu vikaushwe kivulini siku mbili au tatu. Mimi nilikuwa na haraka, nikaviweka juu ya mabati penye jua kali, vyote vikapasuka, na binti yangu akalia mpaka usiku.

Siku ambayo hakuna udongo, fanyeni picha za kubandika. Gundi hainunuliwi. Chukua kijiko kimoja cha unga wa muhogo, ukoroge katika nusu kikombe cha maji baridi, kisha upike kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito na wenye kunata. Ikipoa, iko tayari. Baada ya siku mbili inachacha, kwa hiyo pika kidogo tu. Mwombe fundi wa cherehani vipande vya vitenge anavyotupa, na utafute kaye za zamani. Mtoto achane karatasi kwa vidole, si kwa makasi, maana kule kuchana ndiko kunakofundisha vidole viwili kushika pamoja. Abandike nyumba, jua, milima iliyo nyuma yetu, ziwa lililo mbele.

Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji vinafaa kutungwa kwenye kamba kama shanga. Tundu utoboe wewe, mama, kwa msumari. Maharage na mbegu ndogo usiwape walio chini ya miaka mitatu: wanazitia puani, zinavimba humo. Na mawe ya redio yaliyokufa yasivunjwe kamwe ili kupata rangi nyeusi. Kipande cha makala kinatosha.

Mtoto akimaliza, anawe mikono kwa maji safi na sabuni kabla ya kugusa chakula. Sisi wa Uvira tunakijua kipindupindu, hakuna haja ya kuelezana. Beseni la maji ya udongo limwagwe papo hapo, maana mdogo wake atayanywa. Na kuna faida nyingine ambayo mama wa Kalundu wataielewa upesi: mtoto mwenye kazi mikononi uani hatoroki kwenda kuogelea ziwani wakati wewe uko sokoni. Lakini mtu mkubwa abaki naye. Udongo hauchungi mtoto.

Baba mmoja aliniambia kwamba kufinyanga ni mchezo wa wasichana. Nilimwonyesha kaye ya yule kijana wa chaki tatu. Alinyamaza.

Wiki ijayo tutatengeneza mpira wa majani ya mgomba. Anzeni kukusanya majani makavu, myaweke mahali pasipo na umande, na mtafute kamba ya kutosha kuzungusha mara nyingi.