Tusinunue Kidhibiti kwa Macho
Wanachama wenzangu, sisi tunaounda vigari vya maonyesho ya sayansi hukimbilia kidhibiti cha L298N, eti kwa kuwa kila mtu anacho. Mimi napinga! Kidhibiti hicho humeza kama volti 2 na kuzigeuza joto. Ukifunga betri za volti 6, mota hubaki na 4 tu. Itavuta nini jamani? TB6612FNG hupoteza kidogo sana, lakini hubeba ampea 1.2 tu kwa mfululizo. Basi kwanza tupime ampea mota ikiwa imekwama, maana hapo hula zaidi kuliko ikizunguka. Pesa za wazazi zatoka kwa samaki wa Homa Bay na miwa ya Migori; tusiziunguze. Rahisi huvunja upishi.