«Fata moyo yako», lakini nani alifunga mulango?

Kila mwaka ni ile ile. Matokeo ya egzame ya Leta inatoka, kijana anamwangiwa poda kichwani, kartie yote inapiga kelele ya furaha, mama analia. Kesho yake, poda ikiisha kuoshwa, ulizo moja inabakia: sasa utafanya nini?

Pale njo washauri wanafika. Papa anasema: «Soma sheria, utakuwa muntu mukubwa.» Tonton anasema: «Ingia politekniki, mu mine kuko makuta.» Na siku hizi kumefika mushauri wa tatu, mwenye suti na mikro. Anauzisha tike ya konferansi, anasambaza video mu WhatsApp, na neno yake ni moja tu: «Fata moyo yako! Fanya kazi yenye unapenda, feza itakuja yenyewe.»

Sisi vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunataka kumujibu huyu wa tatu. Hatuchukii ndoto ya muntu. Lakini vile neno hii inauzishwa kwetu, ni nusu ya ukweli. Na ile nusu yenye wanaficha njo inatuumiza.

Kivuli cha muti wenye ulianguka

Tuanze na wazazi, kwa heshima. Tunaelewa woga wao. Hapa Katanga «kazi ya uhakika» ilikuwa na jina moja: Union Minière, yenye Leta ilichukua mwaka 1967 na yenye ilikuja kuitwa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, masomo ya watoto, unga wa kila mwezi. Wazee walikuwa wanasema: kampuni njo baba, kampuni njo mama.

Kisha baba akaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50 000. Mishahara ikachelewa, miezi ikapanda juu ya miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa musaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakarudishwa nyumbani. Programu ile iliitwa kuondoka kwa kupenda. Kwa kupenda! Muntu hajalipwa muda murefu, unamupa karatasi asaini, kisha unaandika kama ni yeye alipenda.

Basi, papa, mama, mukitusukuma mu kazi yenye hatuwezi hata kuivumilia, juu tu «ni ya uhakika», mukumbuke: ule uhakika ulikufa mbele ya macho yenu. Munatutuma tukae chini ya kivuli cha muti wenye muliona ukianguka.

Kwa hiyo hatuko hapa kwa kutetea ushauri wa zamani. Lakini ushauri mupya hautuokoi pia.

Moyo haupendi kitu chenye haujaona

«Fata moyo yako» haikuzaliwa Katuba wala Kamalondo. Mwaka 2005 Steve Jobs, moja wa wenye walianzisha Apple, alisimama mbele ya wanafunzi wa Stanford, kule Marekani, akawaambia watafute kazi yenye wanapenda. Tangu ile siku video inazunguka dunia. Hatuna palaver na yeye. Alikuwa anaongea na vijana wenye walikuwa wanatoka mu moja ya yuniversite zenye utajiri mukubwa zaidi duniani. Kule, ukichagua mubaya leo, kesho unachagua tena. Hapa kwetu mwaka moja wa minervali ni mbuzi zenye ziliuzishwa mu mugini, ni dada mwenye alibakia nyumbani juu kaka asome. Hapa muntu anachagua mara moja.

Tena, namna gani utapenda kazi yenye hujawahi kuiona? Watoto wetu wanasoma kemia kwa choki: laboratware hakuna, chupa inachorwa kwa ubao. Wanasoma mekaniki bila motere. Wanasoma informatiki, kompyuta iko mu picha. Mutoto wa kartie anaona kazi ngapi kwa macho? Avoka, daktari, pastere, depite, polisi, muuzishaji wa soko, taksi-moto. Ukimuuliza moyo wake unapenda nini, atachagua ndani ya zile tu. Pale si moyo wake unajibu. Ni dirisha ndogo yenye tulimupa.

Kwa dada zetu dirisha inakuwa ndogo zaidi. Musichana akisema anapenda mekaniki ao kuchomelea vyuma, watu wanacheka, kisha wanamuandikisha mu kushona. Miaka kumi nyuma watasema kama wanawake wanapenda kushona, njo moyo wao. Kushona ni kazi ya akili na ya heshima. Lakini kitu chenye wengine walikuchagulia, tusikiite moyo wako.

Tshibumba hakukosa moyo

Watu wa mikro wanapenda hadisi za wenye walifaulu. Sisi tunaleta hadisi ya hapa mujini.

Miaka ya 1970, Lubumbashi ilikuwa na muchoraji moja, Tshibumba Kanda Matulu. Alichora historia yote ya inchi: wazee wa zamani, Wabeleji, uhuru, Lumumba, mupaka utawala wa Mobutu. Karibu picha 100. Akazieleza kwa Kiswahili kwa Johannes Fabian, mwenye alikuwa anafundisha kwa yuniversite hapa. Tshibumba alijiona kuwa mwandishi wa historia, ila kalamu yake ilikuwa rangi. Leo zile picha zinachungwa mu muze kule Amsterdam, na kitabu kikubwa juu yazo kilitoka mwaka 1996.

Na yeye mwenyewe? Aliishi kwa kuuzisha picha kwa bei kidogo, juu familia ikule. Mwanzo wa miaka ya 1980 alipotea machoni mwa watu.

Nani atasubutu kusema Tshibumba alikosa moyo? Alikosa muze, alikosa soko, alikosa sheria yenye kulinda jasho lake, alikosa inchi yenye kununua historia yake yenyewe. Moyo ulikuwa pale. Inchi njo haikuwa pale.

Mulango wenyewe

Tuangalie mwalimu. Kijana anapenda kufundisha kwa kweli. Anasoma pedagoji, anapata diploma, anaingia mu darasa yenye kujaa watoto mupaka dirishani. Lakini Leta haijamuandika kwa lisiti ya mishahara. Anaitwa «N.U.» Anafundisha mwaka wa kwanza bila mushahara, wa pili vile vile. Zamani alikuwa anakula kale kenye wazazi wanachanga. Tangu Septemba 2019 masomo ya primere ya Leta ni bure. Tunaunga ile mukono: katiba ilikuwa inaiomba tangu 2006. Lakini walisahau kuhesabu mwalimu. Sasa asubui anashika choki, mangaribi anaendesha moto ya muntu mwingine. Huyu alifata moyo wake vizuri sana. Umemufikisha wapi?

Tuangalie mine. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kobalti inatoka hapa, chini ya miguu yetu. Lakini kijana mwenye anatafuta kazi kwa kampuni kubwa anatumwa kwa kampuni ya katikati, ile ya sutretansi. Kontra ya miezi mitatu, kisha ingine ya miezi mitatu, kisha «tutakuita». Sheria ya 8 Februari 2017 ilisema sutretansi ni ya kampuni za Wakongomani. Ni vizuri. Lakini haikusema ni Mukongomani gani atapita. Ukifika mulangoni, ulizo ya kwanza haiko «Unajua kufanya nini?» Ni «Weye uko mutoto ya nani?»

Kisha depite anakuja kwa kampeni, anatuambia: «Vijana, muache kungojea Leta, mujitegemee, mufate ndoto zenu.» Tunajua ile wimbo. Wazazi wetu waliisikia kwa jina la Artikle 15: jipangeni. «Fata moyo yako» ni Artikle 15 yenye imevaa suti.

Lakini katiba ya 18 Februari 2006 iko na artikle ingine, ya 36. Inasema kazi ni haki na ni lazima takatifu ya kila Mukongomani. Inasema Leta inahakikisha haki ya kazi, inalinda watu juu ya ukosefu wa kazi, inahakikisha mushahara wenye kumutosha mufanyakazi na familia yake kuishi kwa heshima. Depite anajua ile artikle. Anapenda zaidi tusiijue.

Muone sasa namna muchezo unachezwa. Kijana akifaulu, wanasema moyo njo umemufaulisha. Akianguka, wanasema hakukuwa na moyo wa kutosha. Hakuna mutu anauliza juu ya konkuru yenye haikufanywa, umeme wenye haukuwake, laboratware yenye haikujengwa. Wanatoa kosa mu biro, wanaenda kuiweka mu kifua cha mutoto.

Mapenzi inakuja pia nyuma ya kazi

Wengine watatuambia: «Munaua ndoto za vijana.» Hapana. Tunakataa tu kama ndoto inazaliwa ikiwa tayari, siku ya kujaza fishi ya fakulte.

Muangalie daktari Denis Mukwege. Mwanzo alikuwa anafikiria kutunza watoto. Alipoenda kufanya kazi Lemera, mu milima ya Kivu ya Kusini, akaona wanawake wanakufa ao wanaumia vibaya juu ya kuzaa. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza matunzo ya wanawake. Akarudi mwaka 1989. Vita ikaharibu Lemera mwaka 1996. Mwaka 1999 akafungua hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapewa Nobel ya amani. Kazi yenye dunia inamujua nayo hakuichagua siku ya kuandikishwa. Aliikuta kwa kitanda cha mugonjwa. Mikono ilianza, moyo ukafata.

Basi tunasema nini

Kwako kijana. Mbele ya kulipa minervali, tafuta muntu mwenye anafanya ile kazi, ukae pembeni yake hata mwezi moja. Uangalie siku zake mbaya, hapana suti yake tu. Jiulize: hii kazi naweza kuifanya hata siku yenye hainipendezi? Nani hapa kwetu anaihitaji, na atalipa na nini? Naweza kuijua vizuri kabisa, ao nitabakia na karatasi tu? Usione haya ya kwenda INPP ao kwa fundi wa kweli. Na kama unapenda muziki, kuchora ao mupira, usiache. Ila ujifunze pia kuhesabu na kusoma kontra mustari kwa mustari. Musanii ni mufanyakazi. Kupenda kazi yako kusikuwe sababu ya watu kukutumikisha bure.

Kwa wazazi. Mutoto si nafasi ya pili ya maisha yenu. Mumuulize, mumusikilize, kisha mumuambie ukweli wa feza yenye iko mu nyumba. Ile ukweli inamusaidia kuchagua kuliko jina kubwa la fakulte.

Kwa wenye mikro. Siku mutauzisha tike ingine, museme pia ni nani aliwafungulia mulango.

Kwa Leta na kampuni tunadai mambo ine:

1. Kila nafasi ya kazi ya Leta itangazwe, konkuru ifanywe, na matokeo ibandikwe kwa ukuta pamoja na alama.

2. Walimu wote N.U. wenye wanafundisha leo waandikwe na walipwe.

3. Kode ya mine ya 2018 inapatia entite za hapa 15% ya redevansi, na 10% inaenda kwa mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Tena kila kampuni ya mine iko na lazima ya kutosha 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wenye wanaikaa karibu. Vile vizazi ni sisi. Tumekwisha kufika. Tunataka kuona hesabu, na ndani ya ile hesabu tuone laboratware, atelie, motere na kompyuta zenye zinawaka.

4. Staji ilipwe hata usafiri na chakula. Na mukubwa mwenye anaomba mwili wa dada yetu juu ya kumupa staji, kontra ao alama, apelekwe mbele ya sheria, asihamishwe tu kwa biro ingine.

Ndugu, dada, peleka hii maneno kwa muntu mwenye anangojea matokeo. Kisha, wiki hii, muende wawili ao watatu kwa biro ya komine ao ya shefri yenu, kwa utulivu, na karatasi na kalamu, muulize ulizo moja tu: ile 15% iko wapi? Muandike jibu na jina la mwenye alijibu. Akikataa kujibu, muandike ile pia.