Kirukia ni Mgeni Asiyeshika Jembe

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini yuko mgeni ambaye hata umpe jembe hatalishika, naye ni kirukia.

Huko bara, katika nyanda za juu za kusini, Mbeya na Iringa, huonekana vizuri wakati wa kiangazi. Miti ya miyombo ikipukutisha majani, aghalabu kichaka cha kirukia hubaki kibichi juu ya tawi. Majani yake hujipikia chakula kwa jua, ila maji na chumvi za udongo hukinyonya mti uliokibeba. Siku za ukame mti hubana maji yake, kirukia huendelea kunywa. Tawi hukonda, mwisho hukauka.

Mpandaji wake ni ndege. Hula tunda, na mbegu yenye ulimbo hugandama tawini anapopangusa mdomo au anapokunya. Hapo huota na kupenya ndani ya mti.

Wako wasemao vikatwe vyote, hata misituni. Mimi sikubali. Msituni chozi hunyonya maua yake, ndege hupata matunda, na viwavi wa vipepeo wengine hula majani yake. Msitu una miti mingi ya kugawana hasara hiyo. Shamba ni jambo jingine, kwani humo kila mti ni riziki ya mtu.

Nasi wenye mikarafuu yatuhusu. Virukia vingi havichagui mti wa namna moja, na mashamba yetu yana miembe na michungwa kati ya mikarafuu. Ugonjwa wa kufa ghafla, uletwao na kuvu, uliua mikarafuu mingi Unguja na Pemba katika karne ya 20, na mti ukishapatwa hauponi. Kirukia chaonekana kwa macho, na dawa yake ni msumeno.

Kikatwe kabla matunda hayajaiva. Kung'oa kichaka peke yake hakufai, maana kilichobaki ndani huchipua tena. Likatwe tawi lenyewe, kiasi cha sentimita 30 chini ya kiliposhika, kuelekea shinani. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, basi apande aliyezoea. Na wakati wa kuchuma, mchumaji akiona kichaka kigeni huko juu amwambie mwenye shamba.

Ila hayo yote ni kazi bure ikiwa shamba la jirani limeachwa, kwa kuwa ndege hajui mpaka. Rai yangu ni hii: wanachama tukubaliane kwamba mwenye shamba aishiye mbali ampe jirani yake ruhusa ya kukata virukia, mbele ya mashahidi, ili pasiwe na ugomvi wa matawi baadaye. Asiyetaka kukata mwenyewe, wala kukatiwa, ajue kwamba anawafugia wenzake wote mgeni huyo.