Msaada wa Baridi Utangulie Baridi

Vita vilivyoanza Syria mwaka 2011 viliwang'oa makwao zaidi ya nusu ya wananchi wa nchi hiyo. Lebanon peke yake, nchi ndogo isiyo na nafasi, ilikuwa imeandikisha wakimbizi 1,000,000 ilipofika Aprili 2014. Maelfu kwa maelfu yao walipiga mahema katika Bonde la Bekaa, lililo karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji huanguka. Kwa watu hao, baada ya mabomu, adui wa pili ni baridi.

Adui huyu havizii mtu. Hufika kila mwaka kwa wakati ule ule. Hata hivyo, tarehe 1 Desemba 2014, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kusimamisha hati za kununulia chakula kwa wakimbizi wa Syria milioni 1.7, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Kilio kiliposikika, fedha zilipatikana katika siku chache. Kama zilikuwapo Desemba, kwa nini hazikutolewa Septemba?

Jibu limo katika utaratibu wenyewe. Mashirika ya misaada hutegemea zaidi michango ya hiari. Mikutano ya kuichangia Syria ilifanyika Kuwait Januari 2013, Kuwait tena Januari 2014, na London Februari 2016. Yote katikati ya majira ya baridi. Mkutano wa kwanza uliahidi zaidi ya dola milioni 1,500. Lakini ahadi haimpashi mtoto joto. Mablanketi, maturubai, majiko na mafuta hayana budi kununuliwa, kusafirishwa na kugawiwa kabla theluji haijaziba njia za milimani.

Watumishi wa Serikali na walimu wanaijua vema tofauti kati ya fedha zilizopitishwa na fedha zilizofika. Dawati lililoidhinishwa Juni halikaliwi na mwanafunzi mpaka liingie darasani.

Ni kweli kwamba nchi zinazochangia zina mabunge yao na taratibu zao, na fedha za umma hazitolewi ovyo. Lakini taratibu zimetungwa na watu, na watu waweza kuzirekebisha. Majira hayarekebishwi na kikao chochote.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Kati ya Desemba 2019 na Machi 2020, watu zaidi ya 900,000 walikimbia mapigano kaskazini-magharibi ya Syria, wengi wakalala nje. Mkuu wa misaada ya kibinadamu wa Umoja wa Mataifa alitangaza wakati huo kwamba watoto wachanga walikuwa wakifa kwa baridi.

Serikali ya Bashar al-Assad iliangushwa Desemba 2024, na wengi wamerejea. Lakini nyumba isiyo na paa wala madirisha haina tofauti kubwa na hema, na amani haizuii theluji.

Hapana budi, basi, mataifa yenye uwezo yatoe michango ya baridi wakati wa kiangazi, na yapunguze masharti yanayoyafunga mikono mashirika yanapotaka kupeleka msaada panapouhitaji zaidi. Ahadi ni deni, na deni hili lina siku yake. Likilipwa baada ya siku hiyo, atakayelipwa huenda hayupo tena kulipokea.